Umepangiwa kufundisha kilimo shule ya kijijini? Anza hivi, ndo alivyofanya mwalimu wetu Kilolo

Kama umepata ajira juzi juzi na barua inasema shule ya kata huku nyanda za juu kusini, somo kilimo, naomba usome hii yote kabla hujanunua hata jembe. Mi nimesoma shule ya kata Kilolo, Iringa, kule juu kwenye baridi, na mwalimu wetu wa kilimo alikaa pale miaka saba, na kijiji alichokikuta sicho alichokiacha. Sasa hivi na mimi nafundisha kilimo upande wa Mbeya Vijijini kwenye viazi na karibu kila kitu nimemuiga yeye. Jina simtaji maana sijamuomba ruhusa, nitamwita Mwalimu tu, na pale kijijini ukisema Mwalimu mpaka leo watu wanajua ni nani hata kama shule ina walimu kumi na kitu.

Kitu kikubwa nilichojifunza kwake ni hiki, wakulima wa huku hotuba za kilimo wamezisikia tangu enzi za kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, wanapiga makofi wanarudi nyumbani wanapanda vilevile. Wanachoamini ni debe. Yani kitu kikipimwa mbele yao, na debe wanalolijua, limeshikwa na mtu wanayemjua, hapo wanaanza kuuliza maswali. Kwahiyo kazi yako yote ipange iishie kwenye kupima hadharani.

Muhula wa kwanza usifundishe mtu mzima chochote. Tembea. Mwalimu alianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, afu bwana shamba wa kata, afu nyumba kwa nyumba jioni baada ya vipindi. Jifunze salamu ya pale, ukiwa kwa Wahehe au Wabena unasema kamwene, ukiwa Rungwe kwa Wanyakyusa ugonile, na mzee unaongeza shikamoo yake palepale, usipite barabarani na pikipiki unapiga honi. Ukifika uliza, mbegu hii mmeitoa wapi, mwaka wa njaa mlikula nini, lile bonde nani analima kiangazi, mbolea mnanunua lini na kwa nani. Beba daftari. Akina mama ndo wanajua mbegu, huku kwetu mama anaweza kukwambia maharage haya yanaiva haraka ila hayavumilii mvua nyingi, haya yanauzika ila hayana ladha, na hayo hutayapata kwenye kitabu chochote, na siku ukija kuzungumzia mbegu mpya utajua unashindana na nini.

Hapohapo uangalie kalenda maana ndo imewashinda walimu wengi niliowaona. Mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza Novemba zinaisha Aprili au Mei. Shule inafungwa Desemba inafunguliwa Januari. Sasa mwalimu mgeni anafungua shule Januari ndo anaanza kugawa majembe, mahindi ya wanakijiji yameshafika magotini, halafu anashangaa shamba la shule linakuwa la mwisho na watu wanacheka wakipita. Shamba liandaliwe Oktoba, mbegu iingie ardhini mvua za mwanzo zikishalowesha vizuri, kabla wanafunzi hawajaenda likizo. Palizi ya kwanza itaangukia likizo, hiyo haina ujanja, kwahiyo panga zamu mapema kwa watoto wanaokaa karibu, wawili wawili, na wazazi wao wajue na wakubali. Na we mwenyewe uwepo. Mwalimu Krismasi mbili za kwanza alikula palepale kijijini, na nakwambia hiyo peke yake ilimpa heshima kuliko cheti chake cha chuo.

Haya tuje kwenye shamba lenyewe. Usianze na eka mbili. Tafuta kipande kidogo lakini kiwe njiani, pale watu wanapopita kwenda gulioni, kanisani, mashine ya kusaga. Letu lilikuwa kando ya njia ya kwenda kwenye bomba la maji, kila ndoo iliyopita ililiona. Kata vishamba vya mita kumi kwa kumi, weka vitatu pembeni kwa pembeni. Kwanini kumi kwa kumi, kwasababu ni mita za mraba 100, na eka moja ni kama 4,000 na kidogo, kwahiyo utakachovuna pale ukizidisha mara 40 unapata eka, hesabu hiyo hata bibi anaifanya kichwani.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe. Pale kijijini kulikuwa na mzee mmoja, babu wa rafiki yangu, msemaji sana mikutanoni, akisema hapana basi nusu ya kijiji inasema hapana. Mwalimu alimfuata nyumbani. Nakumbuka nilikuwepo maana sisi ndo tulimpeleka. Mzee akamwambia, "Mwanangu, mahindi mimi nimelima kabla baba yako hajaoa." Mwalimu akajibu, "Ndo maana nimekuja kwako mzee. Nina vishamba vitatu pale njiani, naomba kimoja upande wewe, mbegu yako, kwa mkono wako, unavyopanda siku zote. Mimi nitapanda viwili vya pembeni." Mzee alikaa kimya kidogo afu akauliza siku gani.

Kishamba cha kwanza akapanda mzee, mbegu yake, anachimba mashimo kwa jicho, punje tatu nne shimoni, bila mbolea. Cha pili Mwalimu akaomba mbegu ileile ya mzee, ila akapanda kwa mstari na mbolea. Cha tatu mstari, mbolea, na mbegu chotara ya UH6303 kutoka kituo cha utafiti wa kilimo Uyole, Mbeya. Ukiweka chotara na mbolea upande mmoja na mbegu ya kienyeji bila kitu upande wa pili, mkulima atasema ni mbegu ya kununua hiyo mimi sina hela, na mazungumzo yameisha. Kile cha katikati ndo kinachobadilisha mtu, maana anaiona mbegu ya kwake mwenyewe ikifanya kitu ambacho hajawahi kuiona ikifanya.

Mstari unapigwa hivi. Chukua kamba ya katani, funga fundo kila sentimita 60, chukua na kijiti cha sentimita 75 cha kupimia toka mstari hadi mstari. Kila kwenye fundo shimo moja, mbolea ya kupandia DAP kizibo kimoja cha soda, funika na udongo kidogo ili punje isiguse mbolea maana inaungua, afu punje mbili, fukia. Kishamba cha kumi kwa kumi kinachukua mashimo kama 220. Kizibo ni kama gramu 5, kwahiyo kishamba kizima kinakula kilo moja na kidogo, na eka nzima ina mashimo kama 9,000, zidisha na gramu 5 unapata kilo 45, ndo hapo wanafunzi wanaelewa kwanini wanaambiwa mfuko mmoja wa kilo 50 kwa eka. Mwalimu hakutuambia mfuko mmoja, alituacha tuhesabu wenyewe na vizibo mkononi, na sisi usiku tukawahesabia baba zetu kwenye moto. Baba yangu alikuwa anamwaga mbolea kwa kiganja, mfuko unaisha nusu eka, siku ile alihesabu mara mbili. Mahindi yakifika magotini weka mbolea ya kukuzia, UREA au CAN, udongo ukiwa na unyevu na ukiwa umeshapalilia, usikuzie magugu.

Mavuno yakikauka itisha watu. Siku ya gulio, asubuhi, kabla hawajatawanyika. Piga mahindi kila kishamba kwenye turubai lake, na debe ashike mtu wa kijijini, Mwalimu alimpa mwenyekiti. La mzee lilitoa debe moja halikujaa vizuri. La katikati debe moja na nusu. La tatu debe mbili na kidogo. Mzee akaomba apime mwenyewe tena lile la katikati, akapima, akalisawazisha na ubao juu, akarudisha ubao chini akaondoka bila kusema kitu. Hakuna aliyemwambia unaona sasa. Mwalimu alishatuonya mapema, atakayemcheka mzee nitamtoa kwenye kilimo. Novemba iliyofuata mzee akaja shuleni kuazima kamba, na msimu ule kamba ilizunguka vitongoji vyote hadi ikakatika ikabidi tutengeneze nyingine nne.

Na uwe mkweli kuhusu chotara, waambie mapema kwamba mbegu ile huwezi kuchagua punje kwenye mavuno ukarudia mwakani, itashuka. Ukinyamaza watarudia, itawaangusha, na jina lako litaenda nayo.

Kuna kitu lazima nikiseme kwa nguvu, shamba lisiwe adhabu. Shule nyingi nimeziona, mtoto kachelewa, kapige matuta kumi, kaongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, kalime. Afu mwalimu huyohuyo saa nne anaingia darasani kusema kilimo ni uti wa mgongo. Mtoto anakua anajua jembe ni fimbo ndefu. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mtoto ajifunze kwa kufanya kazi yenye maana, haikusema jembe liwe kiboko. Mwalimu alikubaliana na mkuu wa shule toka mwanzo, adhabu zitafutiwe sehemu nyingine, kile kipande cha njiani anaingia anayesoma tu. Tukawa tunagombania zamu. Sasa hivi mkondo wa amali, yani wa masomo ya ufundi na kazi za mikono sekondari, umeanza toka 2024 na watoto wengi watakutana na kilimo kama njia ya maisha kabisa, naomba sana walimu wenzangu tusiwaharibie mlangoni.

Cha pili kinachoua ni mazao kupotea. Mtoto analima, mzazi anaona mtoto wake kalima, halafu gunia linaonekana nyumbani kwa mwalimu. Hata likitokea mara moja tu umekwisha. Weka ubao nje ya ofisi, andika kwa chaki kilichovunwa, kilichopikwa, kilichouzwa, hela imenunua nini. Kwetu mahindi yalienda kwenye kande ya mchana na sehemu ikauzwa ikanunua mbolea ya mwaka uliofuata. Wazazi walikuwa wanakuja kusoma ule ubao, wengine hawajui kusoma wanamwambia mtoto awasomee.

Mwaka wa pili ndo somo linatoka nje ya geti. Kila mwanafunzi wa kilimo aombe nyumbani kishamba, hata mita tano kwa tano pembeni ya shamba la mzazi. Usimwachie mtoto aombe peke yake hasa wa kike, maana ataambiwa ardhi hamna, nenda we mwenyewe ukaongee na mzazi, kwa heshima, mweleze kwamba mavuno ni ya nyumba hiyohiyo. Mwalimu alitupa mbegu kwa sado, kile kikopo cha kupimia sokoni, tukirudisha sado moja na nusu baada ya mavuno, ile ya ziada inaenda kwa wanafunzi wa mwaka unaofuata. Maksi za kazi za mikono alizitoa hukohuko, anakuja anakagua mistari, anamuuliza maswali mtoto mbele ya mama yake. Mama yangu aliniambia baadae sana kwamba yeye kilimo cha mstari alijifunza kwa kusikiliza mi nikijibu maswali. Hakuna semina aliyokaa.

Udongo nao usiupuuze, huku juu maeneo mengi udongo una tindikali hasa kwenye mvua nyingi, na unaweza kumwaga mbolea mahindi yakabaki na rangi ya zambarau kwenye majani sababu fosforasi imeshikwa na udongo. Chukua sampuli, tembea shambani kama unaandika herufi W, chimba sehemu 15 hadi 20 kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi isiyokuwa na mabaki ya mbolea, toa nusu kilo, kausha kivulini, peleka maabara ya udongo TARI Uyole. Ikija pH, yani kipimo cha tindikali, chini ya 5.5 ulizia chokaa ya kilimo na kiasi chake, na iingie mapema kabla ya kupanda. Wanafunzi waende na ile sampuli kama inawezekana, wakaone.

Kama uko kwenye viazi kama mi nilivyo sasa, kuna jaribio moja la glasi ya maji linafanya kazi kuliko mkutano wowote. Mmea umenyauka mchana na majani bado ya kijani, mkulima anasema ni jua. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, subiri dakika chache. Kama ni mnyauko bakteria utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kwenye maji. Mara ya kwanza nilifanya kwenye kibaraza cha duka, watu kama ishirini, kukawa kimya kabisa, mama mmoja akanishika mkono akaniuliza, "Kwahiyo mwalimu hii ndo tunauziana kwenye mbegu?" Ndo hiyohiyo. Inakaa kwenye kiazi, kwenye udongo, kwenye jembe, na nyanya na bilinganya nazo inazishika, kwahiyo shamba lile usirudishie viazi wala nyanya, weka mahindi au ngano misimu kadhaa.

Mbegu safi ya viazi wengi hawaimudu, basi wafundishe kuchagua kwenye shamba lao. Viazi vinapoanza kutoa maua, pita na vijiti, chomeka kwenye mashina yenye afya tu, majani hayajakunjamana, hayana rangi ya njano, hayajanyauka. Wiki mbili baadae rudi, shina lililougua ng'oa kijiti chake. Wakati wa kuvuna chimba zile zenye vijiti kwanza, moja moja, yenye viazi vingi vizuri ndo unatoa mbegu ya ukubwa wa yai la kuku. Tandaza kwenye mwanga hafifu, sio gizani, ili macho yatoke mafupi na magumu. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanafanya hii na bibi zao, vijiti wanavikata vya mianzi.

Viwavijeshi vamizi vilivyoingia nchini 2017 watoto ndo walinzi wazuri, wape zamu ya kuangalia kwenye koo la mhindi, pale katikati majani mapya yanapotokea, asubuhi, wakikuta kiwavi chenye alama ya Y iliyogeuzwa usoni na vidoti vinne vya mraba karibu na mkia watoe taarifa. Vikiwa bado vidogo mchanga au majivu kwenye koo vinasaidia, vikishakuwa vikubwa hata dawa haivifikii. Ukichelewa wiki ndo umechelewa.

Kuhifadhi, fundisha jaribio la chumvi. Chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kidogo, mahindi juu yake, tikisa vizuri afu iache dakika kumi, chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikianguka chini weka kwenye mifuko ya PICS, ile ya nailoni mbili ndani, funga kila mmoja peke yake kwa nguvu, dumuzi watakosa hewa. Anayeweza kusubiri bila kuliwa na dumuzi hauzi Julai kwa bei ya dalali.

Vinyungu, yani vile vishamba vya mabondeni, vitakupa shida nikwambie ukweli. Watu wa Iringa na Njombe wanalima mabondeni kiangazi toka babu zao, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kazi ndani ya mita 60 toka mto au chanzo cha maji. Usiwe wewe wa kwanza kuwaripoti watu wala usiwe wa kuwaficha. Mwalimu alipima mita 60 kwa kamba na wanafunzi ili kila mtu ajue mwisho ni wapi, wengi walikuwa wanadhani ni mbali zaidi, afu akasaidia waliotoka kupata bustani za juu za kumwagilia kwa ndoo. Walilalamika, na wengine hawakumwelewa hadi leo.

Bwana shamba usimpite. Yeye ndo anajua usajili wa mbolea ya ruzuku na yeye atabaki ukihama, kila siku ya kupima mavuno mwite asimame mbele. Na mwezi wa nane kama halmashauri ina gari au wazazi wakichangishana, wapeleke wanafunzi na wakulima wawili watatu Nanenane viwanja vya John Mwakangale Mbeya, wakaone aina za mahindi na viazi zilivyosimama, ila waende na maswali yaliyoandikwa la sivyo wanarudi na kofia tu.

Utahamishwa, jiandae toka mwaka wa kwanza. Mwalimu alipopata uhamisho alikuwa na wiki tatu. Daftari la mavuno ya miaka yote alitengeneza nakala mbili, moja kwa mkuu wa shule moja kwa bwana shamba. Mbegu ya mkopo ile ya sado aliikabidhi kwa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, VICOBA, sababu walishazoea kuandika madeni na kudaiana. Na kamba hakumpa mwanafunzi wa kidato cha nne, alimpa wa kidato cha pili, maana wa cha nne Novemba yuko kwenye mtihani na Desemba ameshaondoka, na mahindi yanapandwa Novemba.